Kadi Zangu, kwa Ruhusa ya Babaako

Handsworth, Birmingham
Jumamosi, jioni

Zuwena mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana naisikia. Uko chumba cha juu, unaburuta sanduku sakafuni na kulikemea kwa Kiingereza kwa sababu halifungi. Kesho asubuhi treni inakuchukua kwenda chuo kikuu Newcastle, na mimi nimekaa jikoni na kalamu, nimekasirika. Usishtuke, si wewe uliyenikasirisha. Yaani, kidogo ni wewe, lakini hasira yenyewe ni ya zamani, na leo mchana imeamshwa tena.

Sitakuandikia habari za koti, wala za chakula, wala za watu wa kukaa nao na wa kuwaepuka. Hayo nimekuimbia tangu matokeo yako yalipotoka, mpaka umejifunza kutoka chumbani mimi nikiingia. Nakuandikia habari za kadi.

Unacheka, najua. Cheka kwanza umalize.

Kabla skuli yenu haijafungwa uliniletea gazeti lao. Ile ramani ya mtaa wetu uliyoichora muhula mzima, ukapita Soho Road duka kwa duka ukiuliza mwenyewe katokea wapi na alianza kuuza nini, imechapwa kurasa mbili nzima. Nikaiona nikafurahi. Chini yake pana majina ya wavulana wawili. Lako halipo. Nikakuuliza, hawa ni nani? Ukasema ni wenzako waliokushikia karatasi ukutani wakati wa kuipiga picha. Na wewe je? Ukainua mabega. "Never mind, Mama." Haidhuru, yaani. Ukafungua kabati ukatafuta biskuti.

Nilinyamaza siku ile kwa sababu maneno yalikuja mengi kwa pamoja yakabanana mdomoni. Leo yamepata njia.

Siku ya ukumbi, ile ya maonyesho ya kadi, ulikuwepo, lakini ulikuwa mtoto, uliyaona ya juu tu. Acha nikuanzie mwanzo.

Tulipofika hapa kutoka Unguja, nilikuwa na Kiingereza cha kusoma, si cha kusikia. Watu wa Birmingham wakizungumza nilikuwa nasikia kama maji yanapita bombani. Nikapata kazi ya kusafisha skuli ya wavulana. Miaka ile watoto walikuwa na wazimu wa kadi za wachezaji wa mpira, zile zinazouzwa pamoja na chingamu, picha mbele na maelezo nyuma. Walimu walikuwa wakiwanyang'anya darasani na kuzitupa. Kila jioni nilizikuta kwenye mapipa ya taka, wanaume wazima na jezi zao wamelala juu ya maganda ya machungwa. Nikamwuliza mwalimu mkuu kama naweza kuzichukua. Akasema nichukue na pipa lenyewe nikitaka.

Mpira sikuujua. Nilichotaka ni maneno ya nyuma. Hayakuwa na haraka. Yalikaa kimya yakinisubiri nitafute kamusi. Huyu kazaliwa Burnley, babaake mchimba makaa. Yule ana mguu wa kushoto mkali, zamani alikuwa fundi bomba. Mwengine alichezea timu ya kaskazini kisha akahamia kusini. Nchi hii niliijua kwa njia hiyo, Zuwena. Niligundua kwamba nao wanatoka kwao na kwenda kwengine kutafuta riziki, ila wao wakifanya hivyo huitwa wachezaji waliohama, hawaitwi wageni.

Unamkumbuka Bi Doris, jirani yetu wa mkono wa kulia, Mungu amrehemu kwa namna anavyojua Yeye. Siku moja aliniona uani nimeanika kadi zilizolowa kwenye kamba, moja moja, kwa vibanio vya nguo. Akasimama kwenye ukuta mfupi akanitazama weee, kisha akasema, "Mpenzi, unafua wachezaji?" Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha vipande. Akaingia ndani, akarudi na makopo ya biskuti yamejaa kadi za zamani, zile zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara kabla ya vita. Wachezaji wa mpira, wa kriketi, mabondia. Zilikuwa za kaka yake. "Alivuta mpaka kifua kikaisha ili hizi zipatikane," akaniambia. "Angalau mtu azitazame."

Toka hapo zikawa maelfu. Watu wa mtaani wakisikia kuna mwanamke anazitaka, wanazileta. Na mimi kila kosa la kuzitunza nimelifanya. Nilianza kwa kuzibandika kwenye madaftari kwa uji wa ngano. Nikajiona nimepata! Panya nao walijiona wamepata. Walikula uji na kadi, na zile nilizofanikiwa kuzibandua ziliacha maneno yao yote ya nyuma kwenye daftari. Maneno niliyokuwa nimeyachukulia kadi zenyewe! Nililia siku ile, na babaako akacheka, nami nikacheka naye mwishoni. Kisha nikazifunga kwa mipira ya kubania karatasi, nayo ikazikata pembeni. Nikaziweka karibu na jiko la mafuta ya taa zisipate unyevu, zikajikunja kama majani makavu.

Kuzipanga ndiko kulikonishika khasa. Kwanza nilipanga kwa rangi ya jezi. Upuuzi, maana timu zinazovaa nyekundu hazina mwisho. Nikapanga kwa majina, nikakuta akina Smith wamejaa droo nzima na hakuna anayemjua mwenzake. Nikapanga kwa timu, kumbe mtu mmoja amechezea timu nne, nimkate vipande? Mwisho nikaelewa kwamba kadi yenyewe ina nyumba yake: nani aliyeichapa, mwaka gani, na namba yake katika kundi lile. Kwa hiyo kadi nikazilaza kwa nyumba zao. Halafu nikakata masanduku ya nafaka za asubuhi nikatengeneza vikaratasi, kila mchezaji na chake, na juu yake nikaandika mahali pote anapopatikana: kundi gani, droo gani. Mtu anaweza kulala katika droo nne, na kikaratasi kimoja kikakupeleka kote. Nilipofika hapo niliruka jikoni peke yangu. Hakuna mtu aliyenifundisha, na hata leo nikikumbuka furaha ile naisikia miguuni.

Na nisimdhulumu babaako. Droo ni zake. Karakana anakofanyia kazi, kule Hockley, ilipakana na sonara mmoja aliyekuwa anafunga duka, na babaako aliomba zile trei za mbao za kuwekea pete, zenye visanduku vidogo vidogo, akazibeba mgongoni mpaka nyumbani, safari baada ya safari. Akazipiga msasa, akazitia vishikio. Mtu angeniuliza, ningeliandika jina lake kwenye trei hizo kwa wino mzito.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Kazini kwake kulikuwa na mzee mmoja mwanachama wa chama cha wakusanyaji kadi. Walikuwa wakikutana Alhamisi kwenye ukumbi si mbali na karakana. Babaako akachukua trei moja kwenda kuwaonyesha. Akarudi uso unang'aa. "Wamesema tumezipanga vizuri mno." Nilifurahi, na ile "tumezipanga" niliisikia ikanipita sikioni kama nzi. Alhamisi iliyofuata akabeba mbili, na lile kasha la vikaratasi. Ikawa desturi. Mimi nilikuwa nakwenda kazini jioni, sikuwahi kufuatana naye, na yeye hakuwahi kuniambia nifuatane naye. Nikisema leo kwamba sikujua, nitakuwa najidanganya. Nilikuwa nasikia ile "tu" ikipungua. "Wamesema tumepanga." Kisha, "Wamesifu mpangilio." Kisha, "Wameniomba nionyeshe kwenye maonyesho yao."

Siku ya maonyesho tulikwenda sote, mimi na wewe na Bi Doris aliyevaa kofia yake ya Krismasi. Meza zilitandikwa kitambaa cha kijani. Meza yetu ilikuwa mbele kabisa, imepambwa na ua, na juu yake kibao kilichopigwa taipu: MKUSANYIKO WA BWANA MBARAK. UMEKUSANYWA, KUPANGWA NA KUORODHESHWA NAYE MWENYEWE.

Naye mwenyewe! Hawakutosheka na kumpa kadi. Waliona haja ya kufunga na mlango.

Bi Doris alikisoma kwa sauti kubwa, polepole, kama anasoma barua ya polisi. "Kaka yangu hajawahi kumjua Bwana Mbarak," akasema.

Mwenyekiti wao, Bwana Whitlock, mrefu, mwembamba, mwenye adabu kavu, akaja kutusalimu. Alikuwa ameshika vikaratasi vyangu. Vikaratasi vyangu, Zuwena, na mwandiko wangu, herufi nilizopigiwa rula vidoleni Unguja mpaka zikanyooka. Akaniambia, "Lazima umevumilia mengi, bibi, na makaratasi ya mumeo kujaa nyumbani." Kisha akamgeukia babaako. "Na una mwandiko mzuri sana kwa mwanamume."

Babaako alikuwa amevaa suti. Aliniangalia. Nakuapia aliniangalia, macho yetu yakakutana kabisa. Kisha akamwambia, "Asante."

Neno moja lile limekaa kifuani kwangu miaka yote hii kama mfupa wa samaki.

Nikamwambia Bwana Whitlock, taratibu, kwamba kibao kimekosewa. Mwandiko ni wangu na kadi ni zangu. Sikupaza sauti. Akatabasamu, akavua miwani akaifuta. "Bibi, wanaoonyesha hapa ni wanachama tu. Na wanachama wetu ni wanaume. Ndiyo kanuni."

"Basi hizi si kadi za mwanachama," nikasema, nikaanza kuzitoa mezani.

Unakumbuka? Wewe uliniuliza kwa sauti ndogo kama tunaondoka, nikakupa kasha la vikaratasi ulishike. Bi Doris akachukua makopo yake. Tukafika mlangoni, tukamkuta mtu mnene aliyekuwa akikata tiketi amesimama mbele yetu na mikono ameitanua. "Samahani. Mali ya Bwana Mbarak haitoki bila idhini ya Bwana Mbarak."

Watu wote wakageuka kumtazama babaako. Kwanza alinisemesha mimi, kwa Kiswahili, chini chini. "Rukia, usinitie aibu. Tutazungumza nyumbani."

Mimi nikamjibu kwa Kiingereza, kusudi, wote wasikie. "Waambie ni za nani."

Alikuwa na nafasi, mwanangu. Ukumbi mzima ulikuwa umemtengea nafasi ya kusema neno moja la kweli. Akakohoa. Akamwambia yule wa mlangoni, "Mwache apite. Nimemruhusu."

Nimemruhusu! Mimi! Nitoke na kadi nilizozitoa kwenye mapipa kwa mikono yangu, nilizozianika, nilizozililia, nilizoandikia kila jina mpaka kidole kikaota sugu, nitoke nazo kwa ruhusa! Na yule wa mlangoni akainamisha kichwa kwa heshima, si kwangu, kwake yeye, akasogea pembeni. Natamani nikuambie nilisema kitu. Sikusema. Nilipita.

Tulipanda basi la Soho Road, trei zimerundikwa kwenye ngazi, na kondakta, Kalasinga mmoja mwenye ndevu za kijivu, akauliza tumebeba nini. Bi Doris akamwambia, "Wachezaji. Maelfu." Akauliza ni wa nani. Bi Doris akaniangalia, akaningoja mimi. Nikasema, "Wangu." Neno lilitoka dogo, lakini lilitoka. Kondakta akatuomba tumtafutie golikipa mmoja wa zamani aliyempenda alipowasili nchi hii. Ukampata wewe kwenye vikaratasi kabla basi halijafika kituo cha pili, na akamwangalia mpaka abiria wakaanza kugonga kengele.

Babaako alirudi giza limeingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Yeye akakaa pale unapopenda kukaa, karibu na dirisha, hakuvua hata koti.

"Karakanani wananiita kwa kidole," akasema. "Jina langu hawalijui, na miaka yote niko pale. Ukumbini wananiita Bwana Mbarak. Wananipa mkono. Whitlock ananivutia kiti, Rukia. Ulitaka niwaambie mimi mbeba masanduku tu?"

Nilimhurumia. Nilijua kidole kile, na mimi kimeniita. Nikampashia wali, nikamwekea, nikamwambia yameisha. Na hapo ndipo nilipojidhulumu mwenyewe, si kule mlangoni. Huruma ilikuwa yake kwa haki, angeweza kuipata yote. Jina langu halikuwa sehemu ya huruma. Lakini nilivitoa vyote viwili kwa pamoja kama mtu anayetoa sahani na chakula chake, nikadhani huo ndio wema. Kadi hazikutoka tena nyumbani, hilo nililishikilia. Yeye aliendelea kwenda Alhamisi zake, akarudi na salamu za wanaume wasionijua, nami niliendelea kupanga droo kwa hasira. Sijui kama unajua inawezekana kupanga kwa hasira. Inawezekana. Zinapangika vizuri sana.

Siku ile ya gazeti lako nilivaa koti niende skuli kwenu. Nilifika mpaka kona ya barabara. Kichwani nilikuwa nimeshamkusanya mwalimu, na wale wavulana, na mzazi wa kila mmoja. Halafu nikasimama. Nikajiona nimesimama mbele ya watu nikisema kwa niaba yako, na wewe uko nyuma yangu umeshika kasha kama siku ile ya ukumbi. Nikarudi. Sikurudi kwa sababu haidhuru. Inadhuru! Ila ramani ni yako, na mdomo ni wako, na ukiniambia twende tutakwenda pamoja, nitasimama pembeni. Anwani ya yule mwalimu unayo. Newcastle kuna posta. Hilo nakuachia wewe, na sitakuuliza, ingawa nitakufa kwa hamu ya kujua.

Sasa ya leo mchana. Wewe ulikuwa umekwenda Alum Rock kuaga marafiki. Mlango ukagongwa. Babaako akaenda kufungua, mkononi kikombe cha chai. Mimi nilikuwa hapa jikoni, mikono kwenye povu. Nikasikia sauti ya kijana, mwenye adabu, anasema anaandika habari za kadi za kabla ya vita na ameambiwa kwamba Bwana Mbarak ana mkusanyiko mkubwa uliopangwa vizuri kuliko yote hapa mjini.

Nikasubiri "asante". Masikio yangu yameizoea.

Babaako akasema, "Umeelekezwa vibaya. Mwenyewe ni mke wangu. Yeye ndiye aliyezikusanya na yeye ndiye aliyezipanga. Mimi nilileta trei. Ngoja nimwite." Kisha akanyoosha shingo kuelekea jikoni. "Rukia! Mgeni wako."

Hivyo tu. Akanywa chai yake.

Unafikiri nilifurahi? Nilisimama pale maji yananidondoka viwikoni, nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kuijua, hata siku ya ukumbi. Kwa sababu ilikuwa rahisi! Hakutoka jasho. Dari haikuanguka. Yule kijana alisema tu "Oh, samahani," akaandika jina langu. Pumzi moja, Zuwena. Miaka yote nilimhesabia kwamba ni neno zito, kwamba hawezi kulibeba, masikini, na mambo anayoyapata huko karakanani. Nikamwonea huruma kwa mzigo wa pumzi moja!

Nilifuta mikono. Nikatoka. Nikamwambia babaako, mbele ya mgeni, "Sema tena." Akadhani namtania. Akaona sicheki. Akaweka kikombe chini, akalisema tena, lote, polepole, na safari hii sauti yake ilitetemeka, na macho yakamlowa. Nikajua kwamba naye alikuwa na mfupa wake.

Sikumwambia asante. Nilimwambia akatuletee chai, mimi na mgeni, na akaketi nasi akisikiliza mpaka tulipofungua droo ya mwisho.

Bado nimekasirika. Pengine kesho kituoni utaniona nimemshika mkono babaako, usidhani yamekwisha. Yameanza.

Sasa naja juu nikukalie hilo sanduku lifunge.

Mamaako,
Rukia binti Khamis